Matembezi ya Ashwellthorpe

Kiangazi kilichopita tulikwenda na watoto wetu katika msitu wa Lower Wood, Ashwellthorpe, jimboni Norfolk, ambako mwaka 2012 ulithibitishwa ugonjwa wa miti ya eshi, ambayo Waingereza hutengenezea mipini ya mashoka. Vikonyo vya majani yaliyopukutika mwaka juzi, vyeusi kama makaa, vilikuwa vimeota viyoga vyeupe vidogo mno. Humo hutoka mbegu za kuvu, laini kuliko vumbi. Upepo huzipandisha, zikanata kwenye majani mabichi. Kuvu hupenya, ikafuata kikonyo hadi tawini na kuziba njia ya maji. Matawi ya kileleni yalikuwa fito tupu. Mtoto mmoja alitaka jani la ukumbusho. Tulimkatalia, tukakwangua matope viatuni kabla ya kuingia garini.