Kabla Picha Haijafika Katubuka

Kigoma ni mwisho wa reli. Reli ya Kati ilifika hapa ziwani mwaka 1914, na tangu wakati huo tumezoea kupokea vitu vikiwa vimeshapita kwa wenzetu wote wa njiani. Intaneti nayo ilikuja hivyo hivyo. Mimi ni mtoto wa Katubuka, hapa hapa Kigoma, na kazi ya kutengeneza tovuti niliianzia katika intaneti kafe ya mjini, enzi ambazo Tanzania ilikuwa bado haijaunganishwa na mkongo wa baharini. Juu ya paa kulikuwa na dishi, ndani kompyuta za Windows XP zimepangwa kufuata ukuta, na uani jenereta ya akiba, maana umeme wa Kigoma wakati huo ulikuwa wa mitambo ya dizeli na haukuwa wa kutegemea.

Kilichotutesa siku zile ni picha. Ukifungua blogu ya Muhidin Issa Michuzi, iliyoanza mwaka 2005 na iliyokuwa dirisha letu la kuiona nchi, maneno yalitangulia. Vikafuata visanduku vyeupe, kisha picha zikaanza kushuka mstari kwa mstari kutoka juu. Mteja aliyelipia nusu saa aliweza kuondoka akiwa ameona nusu ya sherehe.

Wengi waliamini kwamba tatizo ni uzito wa picha. Uzito ulikuwepo, lakini kulikuwa na jambo jingine lililojificha. Dishi letu lilipokea intaneti kutoka kwenye setilaiti, na setilaiti za aina ile hukaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako linapanda hadi huko na kushuka. Jibu nalo linapanda na kushuka. Hata kwa kasi ya mwanga, ni karibu nusu sekunde kabla baiti ya kwanza ya jibu haijaigusa kompyuta yako. Na ukurasa mmoja una vipicha vingi: nembo, mshale, kitufe, alama ya simu, bendera. Kila kimoja ni faili, na kila faili huombwa peke yake. Vivinjari vya zamani viliomba faili 2 tu kwa wakati mmoja kutoka seva moja. Ukurasa wenye vipicha 30 ulidai safari 15 za kwenda na kurudi, yaani zaidi ya sekunde 7 za kungoja tu, hata kama kila kipicha hakifiki kilobaiti moja. Ndivyo zilivyo boti za abiria zinazotoka Kibirizi kwenda Kagunga: kinachokula muda si shehena, ni kusimama kila kijiji.

Dawa niliyoikuta ni kuitia picha ndani ya ukurasa wenyewe, ije pamoja na maneno kwa safari moja. Ukurasa wa tovuti ni maandishi, na picha ni mfululizo wa namba. Ili namba hizo zikae katikati ya maandishi bila kuyavuruga, hugeuzwa kuwa herufi kwa njia iitwayo Base64. Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya tovuti. Mifumo ya barua pepe ya mwanzo ilijengwa ibebe herufi za kawaida za Kiingereza na si zaidi. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa kanuni za MIME za kuambatisha picha na sauti kwenye barua, wakaweka humo utaratibu wa kuzigeuza kuwa herufi. Machi mwaka huo huo Borenstein alituma picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne, na leo inahesabiwa kuwa kiambatisho cha kwanza cha aina hiyo. Mwaka 1998 Larry Masinter akaandika kanuni ya RFC 2397, iliyoruhusu mahali pa kuandika anwani ya picha paandikwe picha yenyewe.

Nilijifunza kwa kalamu na daftari, nyumbani, umeme ukiwa umekatika. Chukua baiti tatu za kwanza za picha ya JPEG: 255, 216 na 255. Ziandike kwa biti: 11111111 11011000 11111111. Jumla ni biti 24. Sasa zikate upya, sita sita badala ya nane nane: 111111, 111101, 100011, 111111. Hizo ni 63, 61, 35 na 63. Jedwali la Base64 lina alama 64: herufi kubwa A hadi Z zimeshika 0 hadi 25, herufi ndogo 26 hadi 51, tarakimu 52 hadi 61, alama ya kujumlisha ni 62 na mkwaju ni 63. Soma jedwali na utapata /9j/. Kila picha ya JPEG iliyoandikwa hivi huanza kwa alama hizo nne. PNG huanza na iVBORw0KGgo, GIF huanza na R0lGOD. Baada ya muda nilizitambua kwa jicho, kama mtu anavyotambua mwandiko wa ndugu yake.

Hesabu hiyo ndogo inaonyesha pia bei ya njia hii. Baiti tatu zimezaa herufi nne, kwa hiyo faili inaongezeka kwa theluthi moja. Kipicha cha baiti 900 kinakuwa herufi 1,200. Kwa mtu wa setilaiti bei hiyo ilikuwa ya kulipwa bila kusita, kwa kuwa baiti 300 za ziada ni kitu kidogo mno mbele ya nusu sekunde ya kungoja. Nilichukua nembo, mishale na vitufe vya tovuti ya nyumba moja ya wageni, nikaviandika ndani ya faili la mtindo, kila kimoja kikianza na data:image/png;base64, na ukurasa ukaanza kuja mzima. Kikwazo kilikuwa kivinjari. Internet Explorer 6, kilichojaa kwenye kompyuta zetu, hakikuielewa kabisa njia hii. Toleo la 8, lililotoka 2009, liliielewa lakini halikupokea zaidi ya kilobaiti 32. Tukawawekea wateja Firefox.

Kisha mambo yakabadilika haraka. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka uliofuata EASSy. Mkongo wa Taifa ukasogea kuelekea magharibi hadi ukatufikia na sisi wa mwisho wa reli. Ombi lililokuwa likipanda angani likawa linapita ardhini, na ule muda wa kungoja ukapungua sana. Mwaka 2015 zikatoka kanuni za HTTP/2, zinazowezesha muunganisho mmoja kubeba maombi mengi kwa pamoja, bila kupanga foleni mbili mbili. Sababu iliyonifanya nigeuze picha kuwa herufi ikawa imekwisha nguvu.

Desturi, hata hivyo, haikuisha pamoja na sababu yake. Programu za kutengenezea tovuti zilikuwa zimeshafundishwa kugeuza picha zenyewe, na mafundi wengi hawakuuliza tena kwa nini. Wakati huo huo watu wa mtaani kwetu walikuwa wamehama kutoka intaneti kafe kwenda kwenye simu. Intaneti ikawa bando. Aliyekuwa akilipia dakika sasa akawa analipia megabaiti. Aprili 2021, viwango vipya vya vifurushi vilipotangazwa, malalamiko yalisikika nchi nzima hadi serikali ikavisitisha. Kilio kile kilionyesha kwamba kwa familia nyingi megabaiti imo kwenye hesabu moja na unga na mafuta ya taa.

Jirani yetu mmoja anauza dagaa. Siku moja aliniita barazani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii simu. Kila nikifungua hapa kutafuta bei, bando linakata. Picha ile ile, bando jipya."

Ulikuwa ukurasa wa habari za masoko wa taasisi ambayo sitaitaja. Niliufungua kwenye kompyuta yangu nikasoma msimbo wake. Juu kabisa, kabla ya neno lolote kuhusu samaki, kulikuwa na ukuta wa herufi ulioanza na /9j/: picha kubwa ya bandari, imeandikwa ndani ya kila ukurasa wa tovuti ile. Mama alikuwa amelisema tatizo kwa usahihi kuliko fundi aliyeitengeneza. Picha iliyo kwenye faili lake ina anwani yake, na kivinjari huiweka akiba. Ukifungua ukurasa wa pili haiombwi tena. Picha iliyoandikwa ndani ya ukurasa haina anwani ya kuwekewa akiba. Ukurasa ukija upya, nayo inakuja upya. Ni kweli kwamba seva ikiubana ukurasa kwa gzip, sehemu kubwa ya ile theluthi ya ziada hurudi. Lakini picha yenyewe bado inashuka kila mara, na kivinjari hakiwezi kuiahirisha hadi msomaji afike ilipo. Yeye alitaka bei ya dagaa tu, na akalipishwa picha ya bandari aliyoizoea kwa macho yake.

Miaka hiyo hiyo picha zenyewe zilikuwa zinajifunza kubanwa. Google ilitangaza WebP Septemba 2010, na kwa vipimo vyake yenyewe picha za aina hiyo huwa ndogo kuliko JPEG kwa asilimia 25 hadi 34 kwa ubora ule ule. Ilichukua muda kukubalika: Firefox iliipokea 2019, kivinjari cha Safari 2020. Katubuka iliipokea mapema kuliko tulivyojua, maana stika za WhatsApp, zilizoanza 2018, ni faili za WebP. Bibi anayemtumia mjukuu wake stika ya kuombea heri anatuma WebP. Ikafuata AVIF, iliyotokana na ufundi wa kubana video uitwao AV1. Maelezo yake yalikamilishwa 2019, Chrome ikaipokea 2020, Firefox 2021, Safari 2022. Mara nyingi AVIF huipita hata WebP kwa wepesi. Ukiziandika kwa Base64, WebP huanza na UklGR, na AVIF huanza na AAAA.

Hapa ndipo kugeuza picha kuwa herufi kunapoleta hasara mpya. Simu zinazozunguka mitaa yetu ya Ujiji na Mwanga si za mwaka huu. Nyingi ni za mitumba, na baadhi hazijui AVIF ni nini. HTML ina utaratibu mzuri wa kushughulikia hilo: unaorodhesha picha moja kwa sura tatu, AVIF, WebP na JPEG, kivinjari kinachagua ile kinayoielewa na kuivuta hiyo peke yake. Sura zote tatu zikiandikwa kwa herufi ndani ya ukurasa, uchaguzi unakuwa umechelewa. Simu imekwisha kubeba zote tatu, na mwenye simu amekwisha kuzilipia, ili itumie moja. Picha ya kisasa iliyobuniwa ili iwe nyepesi inageuka kuwa mzigo mzito kuliko JPEG ya mwaka 1992.

Nilikuwa nimefikia kuamini kwamba Base64 ni chombo cha enzi ya dishi. Mwalimu wa shule moja ya mwambao wa kusini wa ziwa ndiye aliyenipa kazi iliyoirudisha mezani kwangu. Shuleni kwake mtandao ni wa kubahatisha. Alihitaji masomo ya sayansi yenye michoro, ya moyo, ua na mzunguko wa maji, yaweze kuhamishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth na kufunguka pasipo mtandao wowote. Ukimpa mtu folda yenye faili la HTML na picha zake pembeni, faili linahamishwa na picha zinaachwa nyuma. Nikaandika kila somo kuwa faili moja, michoro ikiwa WebP iliyobanwa vizuri na kugeuzwa herufi ndani yake. Humo hakuna anwani ya kutafutwa, hakuna seva ya kuulizwa, hakuna picha ya kupotea njiani. Faili likifika, somo limefika. Na kwa kuwa WebP ni nyepesi, hata pamoja na theluthi ya ziada masomo yale yalikuwa madogo kuliko ambavyo yangekuwa kwa PNG za zamani.

Njia ni ile ile iliyoanza kwenye barua pepe. Kilichobadilika ni kile kilicho ghali kwa mpokeaji. Enzi ya dishi, ghali ilikuwa safari, na kuijumuisha picha na maneno kulimsaidia. Enzi ya bando, ghali ni uzito, na kumrudishia picha ile ile kila ukurasa ni kumtoza mara mbili. Pale ambapo hakuna mtandao, ghali ni kupotea kwa kipande, na faili moja lililokamilika ndilo linalomfaa. Fundi asiyejua kati ya hayo matatu ni lipi linalomgusa msomaji wake hawezi kuchagua vizuri, hata awe na programu za kisasa kiasi gani.

Kwa vijana wa Kigoma mnaoanza kazi hii, na wenzenu wa Dar es Salaam na Nairobi mnaotutengenezea tovuti tunazozitumia, ombi langu ni hili. Kipicha kidogo cha lazima, chepesi kama nembo au mshale, kiandikeni ndani ya ukurasa. Picha kubwa ipeni faili lake, kwa AVIF na WebP, na JPEG ya akiba kwa wenye simu za zamani. Masomo, maelekezo ya afya na chochote kitakachopitishwa mkono kwa mkono, kifungeni katika faili moja. Na kabla hamjaitoa tovuti kwa watu, ifungueni kwanza kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando mlilolinunua kwa fedha zenu.