Mbio Mbili na Mashairi Mawili

Tunazo methali mbili zisizopatana. Moja yasema nyota njema huonekana asubuhi. Ya pili, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika ualimu wangu nilizitumia zote mbili kuwapima vijana, kila mmoja kwa ile iliyonijia mdomoni siku hiyo.

Mwaka juzi nilikwenda Nairobi kumtazama binti yangu. Mkwe wangu akanipeleka Ngong, kwenye uwanja wa mbio za farasi uliofunguliwa mwaka 1954. Sisi wa Tabora farasi hatuna mazoea naye. Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, wakafa wote hata Unyamwezi hawajaiona.

Akapitishwa mbele yetu farasi jike mchanga, aliyekwisha kushindana mara mbili tu: kwanza akawa wa sita, kisha wa nne. Nikasema, "Huyu hana kitu."

Mzee mmoja, aliyetunza farasi tangu ujana wake, akatabasamu. "Mwalimu, hujauliza alibeba uzito gani, masafa yalikuwa mangapi, na waliomtangulia ni akina nani." Akanieleza kwamba ziko mbio ambazo farasi hodari huongezewa uzito ili wanyonge nao wapate nafasi, na kwamba mchanga hupoteza hatua nyingi akijifunza kuondoka langoni. "Mbio mbili hazitoshi kumhukumu. Zatosha kumtazama tena."

Nikaona haya. Mimi ni kitukuu cha mpagazi. Wazee wetu walitoka Tabora hadi pwani na mizigo ya frasila mbili hivi, kilo thelathini na ushei. Nani angeusema mwendo wa mpagazi bila kuutazama mzigo wake?

Nikamkumbuka kijana wa kidato cha pili aliyeniletea mashairi mawili. Vina viliyumba, mizani ilipungua. Nikamwambia ushairi si fani yake. Sikukumbuka kwamba nyumbani kwao walisema Kinyamwezi, na kwamba Kiswahili cha kishairi alikuwa akikibeba peke yake, bila kitabu wala mtu wa kumsomea. Shairi la tatu hakulileta.

Siku hizi vijana wakiniletea tungo, kabla ya kuhesabu mizani huwauliza: umejifunzia wapi, na umemsoma nani? Kisha huwaambia walete nyingine.

Farasi yule alimaliza wa pili. Wa kwangu sikumpa nafasi ya kukimbia tena.