Upawa, mchi na mashini ya pauni 40

Kuna Kiswahili cha jikoni na kuna Kiswahili cha karakana, na wengi wetu tuliozaliwa huku tulirithi kile cha kwanza tu. Mimi naweza kugombezwa, kujitetea na kuomba radhi kwa Kiswahili. Najua kukaanga, kuchuja, kukanda, najua mwiko na mbuzi ya nazi. Lakini mpaka mwaka jana ungeniambia "legeza hiyo nati, taratibu, usile meno yake", ningekutumbulia macho tu. Maneno hayo anayo babangu, na babangu si msemaji.

Baba alikuwa fundi wa friji na mitambo ya barafu huko Mombasa kabla ya kuja London. Huku vyeti vyake havikumfikisha popote, akaendesha basi miaka ishirini na kitu. Nyumbani alitengeneza kila kilichoharibika, ila alitengeneza kimyakimya, ametupa mgongo, nasi watoto tukifukuzwa: "Rudini nyuma, kuna umeme." Miaka miwili iliyopita akapatwa na kiharusi. Kauli ilirudi, mguu ukarudi, mkono wa kulia haukurudi sawasawa. Hawezi kushika bisibisi; inamponyoka. Kisanduku chake cha vifaa kikahamia chini ya ngazi, na hakuna aliyesema neno juu ya hilo.

Mashini niliiona Jumapili moja, kwenye lile soko la uwanjani ambapo watu hufungua buti za magari wakauza vya nyumbani kwao. La Pavoni Europiccola, pauni 40. Mama aliyekuwa akiiuza alisema shangazi yake aliileta kutoka Italia zamani, na haijawashwa miaka mingi. Kwa wasioijua: ni kitu kidogo, kirefu, kinachong'aa, kina mkono mrefu mbele kama wa pampu ya kisima. La Pavoni ni kampuni ya Milan iliyoanza mwaka 1905, na hii Europiccola ilitoka mara ya kwanza mwaka 1961. Ndani hamna pampu wala kompyuta. Kuna boila ya shaba iliyopakwa kromu, inayochukua kama lita 0.8 za maji, hita chini yake, na pistoni unayoisukuma wewe mwenyewe. Mvuke kwenye boila unafikia presha ya baa 1 hivi, na kahawa ya espreso inataka kama 8 au 9. Hizo nyingine zinatoka begani kwako. Mashini za kwanza kabisa zilitegemea mvuke peke yake na kahawa ikatoka imeungua. Ni mkono, aliouleta Achille Gaggia baada ya Vita vya Pili, uliofanya ile povu ya rangi ya hudhurungi ikae juu ya kikombe.

Niliinunua kwa sababu mbili, na nyumbani nikasema moja tu, kwamba napenda kahawa.

"Hino nini?" Baba akauliza.

"Mashini ya kahawa, Baba. Ya zamani."

"Kahawa inataka dele na makaa." Akarudi kwenye televisheni. Baada ya dakika kumi akasimama, akaja mpaka mezani, akaipindua kwa mkono wa kushoto akatazama chini. "Tandika gazeti," akasema.

Basi hivyo ndivyo tulivyoanza. Yeye kwenye kiti, mimi na vifaa. Kwa kuwa hawezi kufanya, ilimbidi aseme, na kwa kuwa kazi hii aliisoma kwa Kiswahili, aliisema kwa Kiswahili. Kaza. Legeza. Robo tu. Bisibisi ya nyota, si hiyo bapa. Piga msasa. Ile spana ya... hapo akasita... ile spana ya kila nati. Nikampa. Jina lake halisi nililipata wiki mbili baadaye kwa mtu mwingine, aliyelitamka bila haya: spana malaya, kwa sababu inakwenda na nati yoyote. Baba akageuka kutazama dirishani.

Video za kutengeneza mashini kama hizi zimejaa, na nyingi zinakwambia ufungue kila kitu mpaka ibaki mifupa. Baba hakukubali. "Kilichokaza na hakivuji, kiwache." Kwa mtu anayeanza, naona yeye ndiye mwenye haki. Kila kiungo unachokifungua kinakudai sili mpya, na meno ya shaba ni laini, yakishaliwa umekwisha. Kwa hiyo kwanza tulitazama. Mkono ulipanda na kushuka, ingawa kwa kulalamika. Kioo cha kuonyesha maji hakikuwa na ufa. Kromu ilikuwa imebanduka kidogo kwenye kitako na kutu imeingia, lakini kutu ya kitako ni ya sura tu. Boila haikuwa na ufa. Kama unatafuta yako, tazama hayo manne kabla ya kutoa pesa, na usidanganywe na mng'aro.

Nilivyovifungua nilivipanga juu ya gazeti kutoka kushoto kwenda kulia, kama mwandiko, ili kuvirudisha niusome nyuma.

Ndani ya boila kulikuwa na chokaa nene kama ukoko wa wali. Maji ya London ni magumu, na hata ya huko ilikotoka nadhani hayakuwa laini. Dawa yake iko kwenye duka lolote la Wahindi: ndimu ya unga, ileile inayotiwa kwenye ubuyu. Kama gramu 20 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Mara ikaanza kutoa povu kama soda. Nusu saa, mwaga, suuza, rudia. Usiiache ikalala humo usiku kucha, asidi ikimaliza chokaa inaanza kuila shaba.

Halafu sili. Pistoni ina mbili za mpira, na zetu zilikuwa zimekuwa ngumu kama plastiki. Zinatolewa kwa kijiti cha mti, si kwa chuma, maana mkwaruzo mmoja kwenye ukuta wa silinda ni njia ya maji milele. Kila sili ina mdomo, na mdomo una upande wake wa kutazama. Kabla ya kuzing'oa nilizipiga picha, na Baba akanifanya nizichore pia, kwa kuwa haamini simu. Seti nzima ya sili mpya ilinigharimu pauni 18, na kikopo cha grisi isiyo na madhara kwenye chakula. Hiyo ndiyo sehemu tamu ya kazi hii. Unapaka grisi, unaingiza, unavuta mkono, na kile chuma kilichokuwa kikilia kinateleza kama kisu kwenye siagi.

Vipande vingine havikuwa na jina, na Baba havumilii kitu kisicho na jina. Kile kikombe cha chuma chenye mkono, unachotia kahawa ya unga ukakifunga mbele ya mashini, alikitazama mara moja tu: "Upawa huu." Na kweli, ukiutazama ni upawa, ule wa kifuu tuliokuwa nao kwa bibi, tofauti ni chuma. Cha kushindilia kahawa kikawa mchi. Bomba la mvuke likawa mlizamu. Sasa siwezi kuviita vinginevyo.

Umeme ndio uliotusimamisha.

Kibandiko kilisema volti 220, wati 1,000. Baba akafumba macho: 220 mara 220, gawa kwa 1,000. "Arubaini na nane na kitu. Pima." Testa ikaonyesha ohmu 49. Akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. Hita ilikuwa hai. Waya wa zamani ulikuwa umekauka na kupasuka, tukabadilisha wote, wenye nyuzi tatu, na ethi ikakazwa kwenye chuma cha kitako penye msasa mpaka chuma kitupu. Kwangu mimi tulikuwa tumemaliza. Nikasema tuiwashe.

"Bado."

Testa ya kawaida, akaeleza, inapima kwa volti chache za betri. Umeme unaweza kuwa unavuja kutoka kwenye waya wa hita kwenda kwenye mwili wa mashini, na testa isikwambie. Unataka chombo kinachosukuma volti 500. Nikamwambia, Baba, swichi kuu ya nyumba inakata yenyewe ikigundua umeme unavuja, ndiyo kazi yake. Nikamwambia na kwamba ilikuwa Jumapili usiku na nimengoja wiki tatu.

Akanyamaza kidogo. Kisha akanisimulia kuhusu kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake, kwenye mtambo wa barafu, sakafu maji matupu. Waya wa ethi ulikuwepo, lakini mwisho wake haukufungwa popote. Mtu aliuacha ananing'inia, ameficha nyuma ya kifuniko. Baba alikuwa hatua tatu kutoka pale. "Nimemzika mimi," akasema. "Nikamwosha mimi." Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nina miaka thelathini na moja na sikuwahi kuisikia habari hiyo. Mama alikuwa akiijua. Nilikaa na ile plagi mkononi, nikifikiria migongo yote ile, rudini nyuma, rudini nyuma.

Alhamisi akaja bwana mmoja wa msikitini kwetu, fundi umeme (ndiye huyo wa spana), na chombo chake. Kikasoma megaohmu 0.4. Kiasi cha chini kinachokubalika kwa kitu cha aina hii ni 1. Ingekuwa ni mimi peke yangu ningedhani hita imekufa, ningeagiza nyingine kwa bei ya mashini nzima. Wao wakatazamana. "Unyevu," wakasema pamoja. Ndani ya bomba la hita, waya umezungukwa na unga mweupe unaoutenganisha na chuma, na unga huo ukikaa miaka bila moto unanyonya unyevu wa hewa. Tukaing'oa, tukaitia kwenye oveni, nyuzi 100, saa nne, Mama akilalamika kwamba sambusa zake zinangoja. Ilipopoa tukapima tena: 30. Baba akataka ipimwe mara ya pili. Ikapimwa. Na kama huna mtu wa namna hiyo, peleka mashini yako kwa fundi umeme kabla ya kuichomeka. Maji, chuma na umeme ndani ya boila iliyofungwa si vya kubahatisha, hata kama video imetazamwa na watu milioni.

Mashini yangu haina geji wala kitu cha kuizima ikishika moto. Ina swichi mbili, moto mkali na moto mdogo. Unawasha zote, unangoja mpaka vali ya usalama ianze kupiga mluzi, halafu unabakisha mdogo. Mluzi ulikuja kwa dakika chache, nikanyoosha mkono kwa furaha. "Hiyo presha ya uongo," Baba akasema. Mna hewa juu ya maji, inatanuka kabla maji hayajachemka vizuri. Fungua mlizamu uitoe. Kikatoka kipumuo baridi, kikakohoa, kisha mvuke wa kweli. Kwenye friji ni vilevile, akasema, hewa ikiingia kwenye mfumo wa gesi presha inapanda na ubaridi haupatikani. Aliendelea na friji nusu saa. Nilimwacha.

Kahawa yenyewe? Ya kwanza ilipita mbio, nyepesi, kali kama ndimu. Hiyo si kosa la mashini, ni ya kusagia: kahawa ya unga ya dukani ni nene mno kwa mkono huu, na kinu kizuri cha kusagia ni ghali kuliko mashini nzima niliyonunua. Nimeazima cha rafiki. Kadiri nilivyosaga laini ndivyo mkono ulivyokuwa mzito, na kwenye kikombe cha tano povu likakaa.

Cha sita alikivuta Baba. Mkono wa mashini hautaki vidole, unautilia kiwiko, uzito wa bega unafanya kazi. Akautia mkono wa kulia, ule, akaushikiza na wa kushoto juu yake, akashuka nao polepole huku akitazama kikombe. Alionja, akakunja uso, akauliza kama kuna kashata. Hamkuwa na kashata. Alikinywa chote kwa biskuti.

Sili ya chini ya kioo cha maji bado inadondosha, tone moja kila dakika kumi hivi. Nimeagiza nyingine. Baba anasema sili haina neno, ni nati inayotaka robo zaidi, na tumebishana juu ya robo hiyo tangu juzi.