Oili Mpya Haikutoboa Injini

Neno la leo: Luka 5:37-39

 

Hapa kwetu Kithyoko, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, kuna jambo ambalo mafundi wengi watakuambia: gari likishazeeka na oili ya kawaida, usiliguse. Ukiliwekea sintetiki, litaanza kuvuja. Fundi wetu aliniambia vivyo hivyo nilipompelekea Probox ya mwaka 2006 inayofanya kazi ya kanisa, ile inayobeba wagonjwa, viti vya matanga na sufuria za harusi.

"Pastor, hii injini imezoea ile ingine. Ukibadilisha, usije ukanilaumu."

Tukabadilisha. Baada ya wiki mbili nikakuta doa jeusi chini ya gari. Fundi alitabasamu kama mtu ambaye unabii wake umetimia.

Lakini alipofungua, tuliona kitu. Gasketi ya kifuniko cha vali, ule mpira unaozuia oili isitoke juu ya injini, ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama plastiki. Ilivunjika vipande vipande mkononi mwake. Ufa ule haukuwa wa wiki mbili, ulikuwa wa miaka. Kilichouziba ni uchafu. Oili ikipikwa na joto muda mrefu, hasa ukipitisha wakati wa sevisi, huacha utando mweusi mzito kama lami, na utando huo hujaza nyufa. Kwa macho gari ni kavu. Kumbe linashikiliwa na uchafu wake.

Sintetiki hustahimili joto kuliko oili ya kawaida, hutiririka upesi unapowasha gari asubuhi, na nyingi zina dawa nzuri ya kusafisha. Ikipita, inaosha. Ikiosha, ufa unaonekana. Ni kweli kwamba zile za kwanza, miaka ya 1970, zilisumbua sili za baadhi ya magari, na sifa hiyo mbaya imebaki mpaka leo. Za sasa zimetengenezwa zipatane na sili, na hata zikichanganyika na oili ya kawaida haziharibu injini. Oili mpya haikutoboa. Ilifunua.

Mpendwa, sikiliza hapa.

Kuna mama mmoja alinijia baada ya ibada ya katikati ya wiki. Yeye na mumewe wameniruhusu nieleze, bila majina. Mume aliokoka mwanzoni mwa mwaka. Aliacha pombe, akaacha na uongo. Na kwa sababu aliacha uongo, alimketisha mkewe akamwambia habari za deni ambalo hakulijua: mikopo ya simu, na pesa za karo alizokuwa amezikopea kwa watu watatu. Mama akalia mbele yangu: "Pastor, tangu huyu mtu aokoke, nyumba yangu imeharibika. Heri zamani." Nguo zake zilikuwa tayari kwenye begi.

Nikamwambia, "Mama, wokovu haukuleta deni hilo. Deni lilikuwako ukilala nalo kitanda kimoja. Pombe na uongo ndivyo vilivyokuwa vimeziba ufa."

Angalia Luka 5. Yesu anasema divai mpya itapasua viriba vikuukuu. Wengi wetu tunaisoma tukiilaumu divai. Yesu hakuilaumu. Wala hakusema viriba vikae vitupu. Alisema divai mpya itiwe katika viriba vipya. Na mstari wa 39 anatujua vizuri: aliyezoea ya kale husema ya kale ndiyo mazuri. Heri zamani!

Basi mafuta ya Roho yanapoingia katika maisha ya zamani, fanya mambo matatu:

1. Usirudishe uchafu ili kuziba ufa. Gari likianza kuvuja, wengine hukimbilia oili nzito au dawa ya chupa. Badilisha gasketi. Katika nyumba, kubadilisha gasketi ni kukaa chini na kusema ukweli wote.

2. Kagua mara nyingi. Ukishabadilisha, pima oili kwa dipstiki kila wiki, na usicheleweshe sevisi ya kwanza, kwa maana uchafu uliobanduka unaishia kwenye filta. Mtu aliyeokoka juzi naye asiachwe peke yake. Mtembelee.

3. Usitegemee jina la chupa. Fuata uzito wa oili ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili ya kawaida inayobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko sintetiki iliyosahaulika. Vivyo hivyo, upako wa kongamano hautakufaa kama nyumbani huombi.

Na hapa mfano wangu unafika mwisho. Injini ambayo ringi zake zimelika hairudi kwa oili ya aina yoyote. Chuma kilichokwisha kimekwisha. Lakini mwanadamu Mungu humfanya kiumbe kipya, 2 Wakorintho 5:17.

Yule mama hakuondoka. Tuliketi na wazee wa pande zote mbili, madeni yote yakaandikwa kwenye daftari moja, na kila mwezi wanakata kidogo. Hayajaisha. Kuna siku bado wanakasirikiana. Lakini sasa kila mmoja anajua kilichomo ndani ya daftari, na watoto wako shuleni.

Tuombe: Baba, usiniache nikiwa mkavu kwa nje kwa sababu ya uchafu ulio ndani. Nioshe. Na ufa ukionekana, nipe ujasiri wa kuurekebisha, nisitamani ya zamani. Katika jina la Yesu.

Kama neno hili ni lako, andika AMINA, kisha umtumie mtu ambaye nyumba yake inapita katika jambo hili. Mbarikiwe.