MILIMANI NA WATOTO, SEHEMU YA 6: Homa tuliyoibeba kutoka bondeni



Mliotufuata tangu sehemu ya kwanza mnajua tulivyohama Dar kuja Bungu. Watu walituuliza, mmefuata nini huko, shamba hamna, ndugu hamna? Tulifuata njia za miguu. Tulitaka watoto wakue wanatembea. Sasa kila Jumamosi nafunga ndizi na mayai ya kuchemsha, mdogo namfunga mgongoni kwa khanga, kaka yake anatangulia na fimbo yake. Tunapita kwenye migomba na mashamba ya chai, tunaingia msituni kutafuta kinyonga mwenye pembe. Tukibahatika tunaona mbega.

Leo lakini siwasifii milima. Leo nakiri kosa, na ni langu mwenyewe, nesi mzima.

Mwaka jana mwezi wa sita nilipata likizo. Tukasema safari hii tushuke. Tulitembea mpaka watoto wakachoka, kipande cha mwisho tukachukua bodaboda, tukafika kwa rafiki yetu upande wa Korogwe, kule kwenye mkonge. Joto! Tulilala madirisha wazi. Baba watoto aliuliza asubuhi ya kuondoka, "Chandarua tubebe?" Nikamjibu, "Siku mbili tu, baba, tusijitwishe mzigo."

Tukarudi salama, picha nzuri, kila mtu na furaha yake.

Siku ya kumi na moja, mkubwa, wakati huo ana miaka minne, akaamka hataki uji. Mwili wa moto. Nje ukungu mzito, baridi ya mwezi wa saba ile mnayoijua, na watoto wa majirani wote makamasi. Nikasema hii ni baridi tu. Nikampa dawa ya maji ya kushusha homa. Ikashuka, akacheza. Usiku ikarudi na kutetemeka. Nikampa tena. Yaani mama mwingine angekuja kazini na hadithi hiyo, ningempima mtoto wake kabla hajamaliza kueleza. Wa kwangu nikamfunika blanketi.

Kesho yake bibi jirani akaja kuniletea maharage. Akamshika mtoto shingoni, akaniuliza swali moja: "Mama, si mlishuka nyika juzi juzi?"

Nyika ndivyo Wasambaa wanavyoiita nchi ya chini, na huku juu ni Shambaai. Tangu zamani wazee walijua kuwa nyika ina homa, hata kabla mtu hajawaeleza habari za mbu. Niliposikia lile swali miguu iliniisha nguvu. Nikambeba mbio kwenda kupima. Tone la damu kidoleni, tukasubiri, mistari miwili. Malaria.

Mungu ni mwema, ilikuwa haijawa kali. Alimeza dawa mseto, dozi 6 kwa siku 3, kila dozi na maziwa kidogo. Lakini nilikuwa nimepoteza siku nzima na usiku wake. Kwa mtoto mdogo, huo ni muda mrefu sana.

Nieleze kilichonidanganya, maana kinaweza kukudanganya na wewe unayehamia milimani au unayekuja kutembea Lushoto na familia.

Kwanza, huku juu malaria ni chache kuliko bondeni. Baridi inamchelewesha mbu kukua, na inachelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu. Chache si sifuri, kwa hiyo hata nyumbani tunalala ndani ya chandarua. Na mtoto anayekulia huku mwili wake haujaizoea malaria, ikimpata inaweza kumwangusha haraka.

Pili, malaria haitokei siku uliyoumwa na mbu. Mara nyingi inachukua siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi. Mtoto anaumwa wakati wewe ulishasahau safari.

Tatu, dawa ya homa inashusha joto tu. Vimelea vinabaki vinaendelea na kazi yao.

Basi nyumbani kwetu sheria imebadilika. Kutembea bondeni mchana hatuogopi sana, mbu wa malaria anauma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri. Tukilala chini, hata usiku mmoja, chandarua ndiyo kitu cha kwanza kuingia kwenye begi, kabla ya chakula. Tukirudi naandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Homa yoyote ndani ya mwezi ule, tunapima siku hiyo hiyo, hata kama ana makamasi. Na unapofika kituoni usisubiri kuulizwa, sema mwenyewe, "Tulilala bondeni tarehe fulani."

Ukiona mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, anapumua kwa shida, au amelegea haamki vizuri, usihangaike na dawa za nyumbani. Nenda, hata kama ni saa nane usiku.

Bado tunashuka. Mwezi uliopita tulikwenda tena, na kijana ndiye aliyebeba chandarua kwenye kibegi chake. Bibi jirani akamwona njiani, akacheka, akamwambia, "Sasa umekuwa mwenyeji."

Sehemu ya 7 nitaandika kuhusu viatu na malengelenge. Lale salama.