Bwato mu Miezi ya Kufunga

Siye watu wa Lubumbashi tunakula makobo ya Luapula, lakini wengi hatujue kazi ya bwato. Kwa kawaida, toka 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi unafungwa, samaki wapate kuzaa. Ku Kasenga, ile haiko miezi ya kulala. Bwato ya mbao inapandishwa ku inchi kavu, inageuzwa, inakauka. Baba anapapasa kila kiungo, anatoa pamba ya zamani, anashindilia mpya, anapaka lami ya moto. Mtoto anashika taa, anajifunza.

Pumbu ilipunguka sana kisha miaka ya 1940, sababu ilivuliwa wakati wa kuzaa. Anayeiba samaki mu miezi hii anapoteza mara mbili: samaki wa kesho, na mtoto asiyejua kuziba bwato.