Ujumbe wa Mara Moja

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na siku zote nimeuona msemo huo kuwa wa haki. Lakini hausemi lolote juu ya mjumbe aliyebisha hodi katika nyumba isiyokuwa yake, akautoa ujumbe mahali pasipo mtu, kisha akaenda zake akiamini kwamba kazi imekwisha. Mjumbe wa namna hiyo nilipata kumtengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na habari yake ndiyo nitakayoisimulia hapa.

Nilizaliwa Masasi, penye milima ya mawe. Lakini kwa mama yangu ni Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Msafiri atokaye Masasi kwenda Newala hupita nchi ya chini, kisha gari huupanda ukingo wa uwanda, na huko juu huipokea mikorosho pande zote mbili za njia. Akisimama ukingoni huiona Ruvuma mbali chini, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Huko ndiko anakokaa mjomba wangu. Na kwetu sisi, tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba si jamaa wa kando bali ni mzazi.

Katika mwaka wa 2019, nilipokuwa nimemaliza masomo ya kompyuta, chama kimoja cha msingi kiliniomba nikiandikie programu ya kuorodhesha wakulima wanaohitaji salfa. Sitakitaja jina, maana kosa halikuwa lake. Mtu asiyeijua korosho yafaa aelezwe kwamba mkorosho hutoa maua katika miezi ya kipupwe, na maua hayo yana adui aitwaye ubwiriunga, ukungu mweupe mfano wa unga. Salfa ikipulizwa kwa wakati wake, maua husalimika. Ikichelewa kwa majuma machache, mti hubaki na majani mazuri usiwe na mavuno.

Programu yangu ilifanya kazi kwa njia ya intaneti: karani hujaza fomu, naye hupata jibu. Jambo hili laonekana jepesi, lakini lina utata wake. Itifaki ya HTTP, aliyoibuni Tim Berners-Lee katika taasisi ya CERN karibu na Geneva, haina kumbukumbu. Kila ombi lifikalo katika seva ni kama mgeni asiyepata kuonekana kabla. Ili kuuponya usahaulifu huo, Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kuki katika mwaka wa 1994: kipande kidogo cha maandishi ambacho seva humkabidhi mtumiaji, na kivinjari chake hukionyesha kila kirudipo, mfano wa mtu anayeonyesha namba aliyopewa mlangoni.

Zaidi ya hayo, si vema seva ijibu papo hapo baada ya kupokea fomu. Ikijibu hivyo, na karani akaufungua upya ukurasa ule ule, fomu yaweza kupelekwa mara ya pili, na mkulima mmoja akahesabiwa wawili. Kwa hiyo seva hutoa jibu lenye namba 303, lililowekwa katika kanuni za HTTP 1.1 mwaka 1997, ambalo maana yake ni: katazame kule. Kivinjari hutii, huenda katika ukurasa mwingine, na huko karani aweza kuufungua upya mara mia pasipo dhara.

Hapo ndipo izukapo taabu. Neno la kumwambia karani limezaliwa katika ombi la kwanza, ilhali macho yake yatakuwa katika ombi la pili. Na baina ya maombi hayo seva imekwisha kumsahau. Dawa yake ni kuliweka neno lile akiba, chini ya namba ya kuki yake. Ombi lifuatalo likija, neno hutolewa akibani, huonyeshwa, kisha hufutwa. Hapana budi lifutwe, la sivyo litamfuata karani kila ukurasa kama mdai. Ndiyo maana nimeuita ujumbe wa mara moja.

Mjomba wangu alifika kwa karani asubuhi moja ya mwezi wa Mei. Namba yake ya simu iliandikwa ikiwa imepungua tarakimu moja. Programu yangu iliona kosa, ikaliweka ombi lake upande wa yasiyokamilika, ikaandaa ujumbe wa kumwambia karani arekebishe. Lakini karani alikuwa na kurasa mbili wazi: moja ya fomu, na ya pili ya orodha ya walioandikwa, ambayo nilikuwa nimeipanga ijifungue upya kila baada ya nusu dakika. Ombi la orodha likatangulia. Lilikuwa na kuki ile ile, basi seva ikaukabidhi ujumbe huko, ikaufuta. Nami katika ukurasa wa orodha sikuweka mahali pa kuonyesha ujumbe wowote. Ukurasa ambao karani alikuwa akiutazama ulipofunguka, ulifunguka kimya.

Kimya kwetu ni kukubali. Karani alisema, "Tayari, mzee," na mjomba akarudi nyumbani kwa miguu.

Salfa ilipogawiwa, jina lake halikuwamo. Alikopa fedha akanunua nyingine, lakini ubwiriunga ulikuwa umekwisha kuingia katika maua. Msimu ule alipata magunia manne, mahali pa kumi na moja ya mwaka uliotangulia.

Nilitumia siku tatu kulitafuta kosa, na nilipolipata nikapanda Newala. Mjomba aliniuliza, "Mpwa wangu, karani aliniambia tayari. Sasa nani alisema uongo?"

Nikamjibu, "Hapana aliyesema uongo, mjomba. Neno lilisemwa mahali pasipo mtu."

"Neno lililosemwa pasipo mtu halijasemwa," akasema.

"Na aliyeiandika programu hiyo ni mimi."

Alinyamaza kitambo. Nilitazamia anilaumu, na lawama ingalikuwa haki yake. Lakini aliuliza jambo moja tu: "Wengine wangapi?"

Swali hilo lilinichoma, kwa kuwa sikuwa nimelifikiri. Nilikuwa nimemtafuta mjomba wangu peke yake. Nilifungua daftari la programu nikawakuta sita zaidi, ambao maombi yao yalikaa upande wa yasiyokamilika na hapana aliyewaita. Nilikwenda kwa kila mmoja wao, nikaeleza. Wawili walinisamehe, mmoja alinifukuza, na waliobaki hawakunielewa. Nao walikuwa na haki, maana mtu aliyekosa mavuno hana haja ya somo la kuki.

Kisha nilitengeneza upya. Kwanza, ujumbe usifutwe kwa sababu tu ombi limefika. Ufutwe pale ambapo umekwisha kuandikwa katika ukurasa. Pili, kila ujumbe upewe alama ya ukurasa unaokusudiwa, na kurasa nyingine zisiuguse. Lakini hata hayo hayatoshi. Seva hujua kwamba imeandika. Haijui kwamba mtu amesoma. Mtandao waweza kukatika njiani, na karani aweza kugeuza uso. Kwa hiyo nikaongeza la tatu, ambalo lingalipaswa kuwa la kwanza: hali ya ombi iandikwe katika ukurasa wa mkulima mwenyewe na ikae hapo hadi itengenezwe, naye apewe karatasi ya kwenda nayo nyumbani.

Tangu hapo nimejifunza kutenganisha maneno ya namna mbili. Liko neno la adabu, kama "asante, tumepokea". Hilo lapasa kusemwa mara moja na kutoweka, na likipotea hapana aliyepungukiwa. Na liko neno la haki, ambalo maisha ya mtu hulitegemea. Hilo halifai kutegemea kuonwa mara moja. Wakulima wa Mtwara walilijua jambo hili kabla yangu. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005, na tangu msimu wa 2007/2008 korosho zao zimeuzwa kwa utaratibu huo. Mkulima anaweza kuulaumu utaratibu huo kwa mengi, lakini hutamkuta akiitupa karatasi yake. Mali bila daftari, huisha bila habari.

Mjomba wangu huiweka karatasi yake katika kopo la chai lililo chini ya kitanda. Kila niendapo hunionyesha ya msimu ule, hunitaka niisome kwa sauti, kisha huirudisha mahali pake.